Shimo Lenye Ngazi Kule Kwemkwazu

Wiki niliyofunga meza yangu, afisa utumishi, kijana mpole mwenye tai, alikuja na faili langu amelikumbatia. "Mama Mwajuma," akasema, "kuna karatasi moja humu haikutiwa sahihi. Ni ya zamani sana. Ukiisaini tu, faili linafungwa." Niliijua karatasi yenyewe kabla hajaifunua. Nikamwomba aniachie siku mbili, naye nadhani alifikiri nakwenda kutafuta miwani. Siku hizo mbili nimezitumia kuandika haya, kwa ajili yenu mnaobaki na kompyuta na simu zenye kamera, mnaoandika habari za wataalamu kana kwamba mnasoma orodha ya mahudhurio: jina, shahada, cheo, asante.

Vyeo vyangu sitavitaja. Vimo ndani ya faili, na mwenye hamu navyo atavikuta huko.

Niliajiriwa na jarida la wakulima pale Korogwe wakati bendera ya ofisini ilikuwa bado haijapauka. Nilikuwa binti wa Handeni, Mzigua, nimesoma hadi shule ya kati na kujifunza taipu kwa masista. Ofisi ilikuwa chumba kimoja chenye taipureta mbili, na moja ilikuwa imekufa herufi ya k. Jaribu wewe kuandika Kiswahili bila k. Mlango wa pili ulikuwa wa matbaa, na humo alikaa Mzee Mhina, mpanga herufi, mtu aliyesoma kila habari ya wilaya ile kinyumenyume, kwenye herufi za risasi, kabla ya mtu mwingine yeyote kuisoma.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kwenda Vugiri kumwandika bwana shamba mmoja aliyesifiwa kwa kabichi. Nilipanda mlima, nikamhoji, nikashuka, nikaandika alipozaliwa, aliposoma, alipoajiriwa na alivyo mchapakazi. Mzee Mhina aliishika karatasi ile kwa vidole vyeusi vya wino, akaisoma hadi mwisho.

"Inna lillahi," akasema. "Huyu amefariki lini?"

"Hajafariki, mzee. Nimeagana naye jana."

"Mbona basi umemwandikia tanzia?" Akanirudishia. "Panda tena mlima. Niletee mikono yake. Niletee kitu anachokishika akiwa na hasira."

Nililia kidogo, sioni haya kusema, kisha nikapanda tena. Safari hii sikuuliza swali. Nilimfuata bwana shamba yule mistarini kutwa nzima, nikaona kwamba anatembea na kiberiti kisicho na njiti hata moja. Ndani yake alikuwa anaweka viwavi aliowatoa kwenye kabichi, na kila alipomkuta mkulima mzembe alimfungulia kiberiti mbele ya pua bila kusema neno. Nikaandika kiberiti. Mzee Mhina hakunisifu, lakini alichukua karatasi akaanza kupanga, na kwake hiyo ndiyo ilikuwa sifa. Huyo ndiye aliyenifundisha kazi. Semina zote nilizohudhuria baadaye hazikuniongezea kitu, isipokuwa chai.

Ikaja miaka ya vijiji. Watu waliambiwa watoke kwenye vitongoji vilivyotawanyika, wakae pamoja wapate shule, zahanati na bomba. Sitawacheka waliotaka hivyo. Nyimbo zile niliziimba na mimi, na bomba nilikuwa nalitaka, maana mama yangu alibeba maji kichwani maisha yake yote. Lakini kutaka jambo jema hakumpi mtu ruhusa ya kutotazama anapokanyaga, na hapo ndipo nilipoanza kuwa mtu mbaya.

Upande wa Kabuku kulikuwa na kitongoji kinaitwa Kwemkwazu. Watu wake walikaa mgongoni mwa kilima, wakilima mahindi na muhogo ubavuni. Chini ya kilima kulikuwa na mbuga tambarare, yenye weupe weupe wakati wa kiangazi. Wakubwa wa mipango waliipenda mbuga ile. Trekta lingegeuka bila taabu, na mgeni akipita barabarani angekiona kijiji chote bila kushuka garini. Vigingi vilikuwa vimeshapigwa, na watu wameambiwa kwamba mvua za kwanza ziwakute wamehama, mashamba yao yakiwa huko huko chini. Wenyeji hawakuwahi kulima pale hata mara moja. Wamaasai walipeleka ng'ombe kulamba udongo wake, kisha wakaendelea na safari. Hilo peke yake lingemtosha mtu mwenye masikio.

Dakta Maganga, mtaalamu wa udongo, alipelekwa kuthibitisha kwamba mbuga inafaa. Badala ya kuthibitisha, akachimba.

Mhariri wangu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye woga, na katika kazi yetu hao ni wengi zaidi. Aliniita akasema, "Dada Mwajuma, nenda kamwandike Dakta. Msomi mzalendo, mtoto wa manamba wa mkonge, anaunga mkono kijiji kipya. Kurasa mbili na picha."

"Anaunga mkono, ndugu?"

"Utamkuta anaunga mkono."

Nilichokikuta kwanza ni kofia ya pama iliyokaa juu ya ardhi bila mtu. Nikasogea. Chini ya kofia kulikuwa na mtu mfupi, mweusi, amesimama ndani ya shimo lililomfika masikioni, ameshika kisu anachokwangua nacho ukuta wa udongo. Nikatoa salamu. Akajibu, "Usisimame ukingoni, unaniangushia kazi yangu."

Siku mbili nzima hayo ndiyo yalikuwa mahojiano. Nikiuliza alikozaliwa, ananipa donge la udongo nilishike. Nikiuliza habari za masomo yake ng'ambo, anatema mate kiganjani, anasugua udongo kwa kidole gumba, anasikiliza. Kweli anasikiliza, ameinamisha kichwa kama fundi saa. Alikuwa na chupa ndogo ya asidi aliyoidondosha ukutani, na penye chokaa palichemka povu. Nikaandika yote hayo. Mzee Mhina alitaka mikono, na mikono nilikuwa nayo, lakini mtu mwenyewe bado hakutoka.

Siku ya tatu aliniuliza kwetu wapi. Nikamwambia Handeni, Mzigua. Akaweka kisu chini. Wazee wake walikuwa Wanyamwezi, walioletwa Korogwe kukata mkonge, na Mnyamwezi na Mzigua ni watani tangu enzi za misafara.

"Kumbe!" akasema. "Nyinyi ndio mnaozika migomba. Nchi nzima inalia njaa, Wazigua wanaufukia mgomba na dua juu."

"Afadhali sisi tunazika, mtani. Nyinyi mnachimba kaburi halafu mnakimbia maiti."

Alicheka hadi akakaa chini, na ndipo aliponisimulia.

Mara ya kwanza alipofika Kwemkwazu alichimba mashimo mawili, akachukua mifuko ya udongo akaenda nayo Korogwe. Aliporudi baada ya siku mbili aliyakuta yamefukiwa, yamepandishiwa tuta vizuri, na jiwe upande wa kichwani. Nyinyi wa mjini nitawaeleza. Kwetu kaburi likishachimbwa haliachwi wazi. Maiti asipoletwa, hukatwa mgomba, ukashushwa na kufukiwa badala yake, ili shimo lisikae likimngoja mtu. Sasa Dakta alikuwa amechimba marefu kama mtu aliyelala, mashariki kwa magharibi ili jua la asubuhi limulike ukuta wa mwisho, na hivyo hivyo ndivyo yanavyolala makaburi yetu. Wazee walingoja maiti siku nzima. Maiti hakuja, na mchimbaji ameondoka na mifuko yake. Bibi Mwanahamisi, mkubwa wa ukoo pale, akaamuru ikatwe migomba miwili. Ilifungwa nguo nyeupe, ikasomewa dua, watu wakatawanyika salama.

"Kazi yangu ya wiki nzima," alisema Dakta.

"Ukafanyaje?"

"Nikaenda kutoa pole."

"Kwa nani?"

"Kwa wafiwa. Si walikuwa wamezika?"

Alikwenda kweli, akakaa jamvini, na Bibi Mwanahamisi akamuuliza kwa upole, yale makaburi alimchimbia nani. Dakta, aliyejua majina ya udongo kwa lugha tatu, akaomba apewe hadi kesho. Kesho yake alichimba shimo jingine, na upande mmoja akachonga ngazi nne za udongo. Akamwita bibi. "Bibi, tazama mwenyewe. Maiti hana haja ya ngazi." Bibi akatazama ngazi, akamtazama yeye, akakusanya khanga yake akashuka.

Nilishuka na mimi kwa ngazi zile zile. Juu kulikuwa na udongo wa kijivu, kina cha kiganja na vidole vyake. Chini yake kukaanza tabaka gumu lenye kichwa cheupe. Dakta alipiga sururu mbele yangu, sururu ikaruka.

"Hii ni chumvi," akasema. "Mzizi ukifika hapa unapinda. Maji yakifika hapa yanakaa. Mahindi yatakuja kijani wiki tatu, watu watapiga vigelegele, kisha yatakuwa manjano."

"Umewaandikia?"

"Ripoti mbili. Zipo kwenye faili." Akarudi kukwangua ukuta kwa kisu, mkono wake sasa una nguvu kuliko ilivyohitajika. Nikamkumbuka Mzee Mhina, nikatazama kisu, sikuuliza swali.

"Baba yangu," akasema bila kugeuka, "alipewa mistari ya bondeni kule kwenye mkonge. Mkonge wa bondeni ulidumaa. Msimamizi alisema manamba wale ni wavivu, hawapalilii. Baba akapalilia tena, akapalilia tena. Mkonge ukadumaa. Alipokuwa anakufa aliniomba msamaha kwa uvivu wake. Mimi niliporudi na shahada yangu, jambo la kwanza nilikwenda kwenye mistari ile nikachimba. Kiganja na vidole, kama hapa. Weupe kama huu." Akapangusa kisu kwenye suruali. "Baba yangu alikufa akiamini ni mvivu. Na hawa, mtani, mahindi yakikataa, unadhani watalaumu udongo?"

Nilitoka shimoni nikiwa na hasira ambayo hadi leo haijaniisha, na siiombei iniishe. Nilipiga picha moja, kofia na kisu na ngazi, maana filamu ya ofisi ilibaki picha moja.

Niliandika kurasa mbili kwa siku nne. Niliweka mate kiganjani, chupa ya asidi, migomba, ngazi na mzee wa bondeni. Nikaweka pia jina la mbuga, maneno ya ripoti zote mbili, na kwamba vigingi ving'olewe. Mhariri alisoma na kalamu nyekundu mkononi. Ripoti akazikata. Jina la mbuga akalikata kila lilipotokea. Vigingi akavikata kwa mistari miwili. Migomba akaiacha, tena akacheka: "Hii itawafurahisha wasomaji." Baba mzazi akamwacha vilevile, kwa kuwa msimamizi wa mkonge alikuwa mkoloni na mkoloni ruhusa kumsema. Kisha akafunga mkoba, akaenda semina.

Niliipeleka karatasi ile nyekundu kwa Mzee Mhina nikasema kazi yangu imeuawa. Akaisoma yote, kisha akasema, "Amekuachia mtu mzima mzima. Amekata ripoti tu. Ripoti nani aliisoma?" Akapanga mistari, akapima, akainua kichwa. "Maneno ya chini ya picha sijaletewa."

Mhariri alikuwa amesahau kuyaandika. Alikuwa ameniambia kwa mdomo niandike: Dakta akikagua eneo la kijiji kipya. Mzee Mhina alisimama na kijiti chake cha kupangia, ananingoja. Nilijua vizuri ninachofanya. Msije mkadanganywa na mtu kwamba ilikuwa bahati mbaya. Nikamwandikia kwenye kipande cha karatasi: "Dakta Maganga ndani ya shimo lake, mbuga ya Kwemkwazu. Ngazi ni za kila anayetaka kushuka."

Mzee akasoma mara moja. "Kwemkwazu una uhakika?" "Nina uhakika, mzee." Akapanga.

Jarida letu lilikuwa na wasomaji ambao wakubwa hawakuwahesabu. Madarasa ya elimu ya watu wazima yalikosa vitabu, basi yalisomea jarida. Kule Kwemkwazu darasa lilikaa kwenye banda la ushirika, na Bibi Mwanahamisi alikuwa mwanafunzi wa mstari wa mbele, akishindana na wajukuu zake kwenye silabi. Mwalimu wao ndiye aliyenieleza baadaye. Alisema walisoma kwa zamu, kila mtu mstari. Kwenye migomba walicheka sana, maana walijijua. Kwenye mzee wa mkonge kicheko kikakatika. Msomaji aliyekuwa na zamu alifika kwenye "alikufa akiamini ni mvivu" akarudia mstari wote, na mwalimu hakuwa amemwambia arudie. Kisha bibi akaliomba jarida, akaweka kidole chini ya picha, akasoma taratibu hadi kwenye jina la kwao. Ilikuwa mara ya kwanza kuliona limechapwa.

"Sasa wavivu ni sisi," akasema. "Kesho leteni masururu."

Siku ambayo wakubwa wa mipango walikuja na gari kuonyesha watu viwanja vyao, mvua ndogo ilikuwa imenyesha. Mimi nilikuwepo, niliomba lifti nikasema nakuja kupiga picha za sherehe, na safari hii nilikuwa na filamu. Tuliposhuka barabarani hatukuona watu. Tuliona vichwa. Mbuga yote, pale kwenye kila kigingi, palikuwa na shimo, na ndani ya kila shimo mtu amesimama, kilemba au kofia au baraghashia juu ya ardhi. Kila shimo lilikuwa na ngazi. Mkubwa wao, mtu mnene mwenye suti ya Kichina, alisimama kwenye tope na karatasi zake.

Bibi Mwanahamisi alikuwa kwenye shimo la kwanza. Maji yalimfika vifundoni, yamekaa juu ya ule weupe yasijue pa kwenda. Hakupaza sauti. "Karibu mwanangu," akasema. "Shuka. Tumekuchongea ngazi."

Mkubwa akageuka kushoto, akageuka kulia. Nilimwona anatafuta mtu wa kumkasirikia, na kila alipogeuka kulikuwa na kichwa kinamtazama kwa adabu. Mwisho akampa dereva karatasi, akavua viatu, akashuka. Bibi akampa sururu. Akapiga mara moja, ikaruka. Akapiga mara ya pili, sijui kwa nini. Labda alikuwa mtoto wa mkulima naye. Kisha akapanda, na gari likaondoka nikiwa nimeachwa.

Wiki iliyofuata vigingi viling'olewa vikapigwa upya chini ya ubavu wa kilima, karibu na mashamba ya zamani. Barua ilisema sababu ni za kiufundi. Hakuna mahali popote palipoandikwa kwamba ni udongo, au Dakta, au jarida. Bomba lilichelewa miaka, na paa la shule liliruka na upepo mara mbili, lakini mahindi ya Kwemkwazu sikuyaona manjano, na nimepita pale mara nyingi nikiyatazama kwa makusudi. Mbugani bado wanakwenda ng'ombe kulamba udongo.

Dakta alihamishwa mbali, mahali ambapo kama alivyoniandikia, "udongo ni mzuri mno mtani, na watu hawaziki migomba, nimekuwa mpweke." Mzee Mhina aliitwa akaulizwa, akajibu kwamba yeye hupanga anacholetewa. Na mimi nikaletewa barua iliyokwisha chapwa, ya kuomba radhi kwa kuandika jina la mahali bila idhini. Mhariri aliiweka mezani kwangu akakaa pembeni yake, mtu wa watu, anaona haya. "Saini tu, dada. Ni karatasi." Nikamwambia na ripoti za Dakta zilikuwa karatasi. Kwa hilo nilikaa kwenye dawati la barua za wasomaji muda mrefu kuliko walioajiriwa baada yangu. Nilizisoma zote.

Nimesikia mnasema siku hizi kwamba maisha ya mtaalamu ni mapambo, kwamba msomaji anataka matokeo ya utafiti, basi. Kijana mmoja hapa hata aliniambia makala ya mtu ni kama shimo la udongo, lina matabaka. Nilimwambia aache kupamba, aende akashuke kwanza. Ripoti mbili zenye kila tarakimu zilikaa kwenye faili zikamngoja mtu wa kuzifungua. Mzee mmoja wa mkonge, aliyekufa na aibu isiyo yake, alisomwa mara moja bandani, na kesho yake watu wakashika masururu. Sisemi sayansi haitoshi. Nasema ilikuwa ndani ya yule mtu, na mtu ndiye aliyefika Kwemkwazu. Kama mnaona nimekosea, andikeni. Mimi barua za wasomaji nimezizoea.

Jana siku mbili zilitimia. Afisa utumishi alikuja na kalamu yake nzuri, akaifunua karatasi, akanionyesha pale penye nukta. Karatasi imegeuka manjano, lakini jina la Kwemkwazu linasomeka vizuri. Nikamrudishia kalamu.

"Sasa Mama, hapa niandike nini?" akauliza. "Faili lazima lifungwe."

"Andika mhusika amekataa," nikamwambia. "Na uandike tarehe ya leo, wasije wakadhani nilikataa zamani tu."